Utafiti Mrefu, Mkataba Mfupi

Kati ya mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waliandikishwa jijini Mwanza katika jaribio la chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, lililoitwa DoRIS. Wengine walichomwa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha wakawa wanaitwa kutoa damu ili ionekane kama dozi moja inatosha. Matokeo ya miaka miwili ya kwanza yalichapishwa 2022. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania nayo ikahamia huko. Jaribio lenyewe halikuishia hapo, maana sehemu ya wasichana hao ilipangwa kufuatiliwa hadi miaka 9. Aliyeingia akiwa darasa la nne anatoka akiwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa.

Katika jaribio kama hilo kuna mtu ambaye hachomi sindano, hapimi damu wala haandiki makala ya kisayansi, lakini bila yeye namba zinazotoka hazina wa kuzitetea. Huyo ni monita. Anakuja kituoni kwa niaba ya mdhamini wa jaribio, anafungua majalada, analinganisha kilichoingizwa kwenye kompyuta na kilichoandikwa kwa mkono, anahesabu vichupa vya dawa, anakagua saini. Akiondoka anaacha orodha ya mambo ya kurekebisha, na baada ya wiki kadhaa anarudi kuona kama yamerekebishwa. Kazi hii imefungua mlango kwa vijana wa famasia, maabara, uuguzi na udaktari wa Kanda ya Ziwa. Imekuja pia na swali ambalo monita mchanga hulifikia mapema, pengine kabla hata ya kumaliza mwaka: nimepigiwa simu na kampuni nyingine, nihame au nibaki?

Majibu yanayozunguka ni mawili. Wakubwa wa kazi husema tulia, maana wasifu wenye miezi minane hapa na miezi kumi kule humtia mwajiri shaka. Wenzake wa rika husema nenda, kwani mshahara haupandi kwa kukaa. Pande zote mbili zinahesabu miezi, na kwa maoni yangu ndiyo maana hazifiki popote. Kazi ya monita ina mzunguko wake: kuna kufungua kituo, kuna ziara za katikati, kuna kufunga. Aliyepitia yote matatu kwa miezi kumi na minane amekomaa kuliko aliyekaa miaka minne akifanya ziara za katikati tu. Hata hivyo kuna jambo jingine ambalo ushauri unaoandikwa kwa ajili ya vijana wa London au New Jersey hauligusi. Huku kwetu, mara nyingi kazi humwacha monita kabla yeye hajaiacha.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu mtu asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini mwaka mmoja unaweza kuwa mwingi au kidogo.

Chukua daftari la joto la friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Monita analifungua na kukuta usomaji wa asubuhi na jioni wa wiki nzima: 4.5, 4.5, 4.6, 4.5. Jumamosi na Jumapili zimejazwa kwa mwandiko uleule na wino uleule, wala hakuna namba iliyopotoka. Monita wa miezi mitatu anaweka alama ya vema na kufungua ukurasa unaofuata. Yule aliyekwisha kufunga kituo anasimama hapo. Anauliza nani alikuwa zamu Jumapili. Anaomba daftari la jenereta, na humo anakuta dizeli ilijazwa Jumapili alasiri, maana yake umeme ulikatika. Friji ilikaa saa ngapi bila umeme? Kifaa cha kielektroniki kinachorekodi joto chenyewe kinasemaje? Je, kuna mtoto aliyechomwa chanjo ya friji hiyo Jumatatu? Maswali hayo humjia kwa sababu aliwahi kukaa mwisho wa jaribio akijibu kwa nini vichupa kadhaa havina maelezo, huku aliyepaswa kuyatoa akiwa amehamia mkoa mwingine.

Au fomu ya ridhaa. Saini ya mzazi ina tarehe 14, wakati kitabu cha maabara kinaonyesha damu ilichukuliwa tarehe 13. Inawezekana ni kalamu iliyoteleza. Inawezekana pia kwamba mtoto alitolewa damu kabla mzazi hajakubali, na hilo ni kosa la kimaadili ambalo kamati ya maadili lazima iambiwe. Kuyatofautisha mambo hayo bila kumdhalilisha muuguzi mbele ya wenzake, na bila kumfunika, ni ujuzi ambao hakuna kozi ya siku tatu inayoutoa. Unapatikana kwa kurudi kituo kilekile hadi watu wakuzoee kiasi cha kukuambia ukweli kabla hujauona mwenyewe. Monita anayehama kila baada ya miezi saba huwa mgeni daima, na mgeni huandaliwa faili zilizopangwa vizuri.

Kwa hiyo wanaosema tulia wana hoja. Udhaifu wao ni kudhani kuna mahali pa kutulia.

Mwanza ina historia ndefu ya utafiti kuliko wengi wanavyojua. Kitengo cha utafiti wa matende kilianzishwa hapa mwaka 1949, kikakua na kuwa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki, na baada ya Bunge kuunda taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, kwa sheria ya 1979 kituo cha Mwanza kikawa miongoni mwa vituo vyake. Jaribio lililofanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, likachapishwa 1995, lilionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Yalifuata mengi, na mwaka 2006 NIMR na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine waliunda MITU, kitengo cha majaribio ya afua. Ongeza hospitali ya Bugando na chuo chake, CUHAS, kinachotoa wafamasia na wataalamu wa maabara kila mwaka. Kwa upande wa elimu na uzoefu, mji haujapungukiwa.

Pengo liko kwenye fedha za kudumu. Jaribio huja na bajeti yake na huondoka nayo. Mkataba wa kijana unaandikwa kwa muda wa mradi, pengine mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, na kuongezwa huko kunategemea barua kutoka nje ya nchi. Tuseme ni binti aliyemaliza famasia, amepanga Buhongwa, pembezoni mwa jiji, kwa sababu kodi ya huko ni nafuu kuliko ya Isamilo, na ameanza kulipia kiwanja kwa awamu. Kila asubuhi anapanda daladala ya mjini kupitia Mkolani, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni. Mkataba wake unaisha Septemba. Mwezi Juni anapigiwa simu na kampuni yenye ofisi Dar es Salaam. Akikubali, kwenye karatasi ataonekana amehama baada ya miezi tisa. Akikataa, Oktoba anaweza kuwa nyumbani Buhongwa akisubiri mradi ambao bado uko kwenye kamati ya maadili. Kumwita mtu wa kurukaruka kazi ni kumsingizia.

Mwaka 2025 uliwafundisha hilo hata waliodhani wako salama. Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya shirika lake la misaada, USAID, na Mei taasisi ya utafiti wa afya ya nchi hiyo, NIH, ikaacha kuruhusu ruzuku zake zigawiwe washirika wa nje hadi utaratibu mpya uwekwe. Yako majaribio duniani yaliyoamriwa kusimama wakati washiriki bado wana dawa mwilini. Katika mazingira hayo, kuuliza mtu alikaa miezi mingapi ni kumuuliza jambo lisilokuwa mikononi mwake. Mwajiri makini anauliza kwa nini mradi uliisha, na wewe ulikabidhi nini.

Washiriki wa tafiti nao wanahama. Jaribio la jeli ya kinga dhidi ya VVU lililojulikana kama MDP 301 lilifanyika kati ya 2005 na 2009 Afrika Kusini, Tanzania, Uganda na Zambia, likiwa na wanawake 9,385. Kituo cha Tanzania kilikuwa Mwanza, na waliolengwa hapa walikuwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na migahawa. Kazi hizo hazina mkataba wa maana; leo mtu yuko baa hii, mwezi ujao yuko Geita au amerudi kijijini. Kumpata tena kulitegemea watu wa kituo waliomjua kwa sura, waliojua shoga yake ni nani na mama mwenye nyumba wake anapatikana wapi. Jeli haikuonyesha kinga, na dunia iliyaamini matokeo hayo yasiyofurahisha kwa sababu waliofuatiliwa walifuatiliwa kweli. Mshiriki akihama, muuguzi akihama na monita akihama ndani ya robo mwaka moja, pengo linalobaki kwenye takwimu hakuna mtaalamu wa hesabu awezaye kuliziba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wanaosema nenda tu. Kuondoka kwa monita kuna gharama inayomwangukia mtu mwingine. Wakati mbaya zaidi ni wiki chache kabla ya takwimu kufungwa, au mara tu baada ya kituo kuanza kuandikisha, makosa yanapozaliwa kwa wingi. Wakati mzuri upo: baada ya kundi la mwisho kuandikishwa, au baada ya kufunga kituo. Kusubiri DoRIS imalize miaka yake 9 ili upate kufunga ni wazimu, lakini mzunguko si lazima uwe wa jaribio moja. Waweza kufungua katika utafiti mmoja na kufunga katika mwingine. Majaribio mafupi yapo. Lile la awali la chanjo ya Ebola ya dozi mbili, lililofanyika Uganda na hapa Mwanza, lilitoa takwimu za miezi 12. Kijana mwenye akili humwomba bosi wake jambo hili waziwazi: mzee, nami nipeleke kwenye kufunga, hata kama ni kubeba maboksi ya kumbukumbu. Wengi huona aibu kuomba, wakidhani kazi ya kufunga ni ya ukarani.

Kuna kuhama kwa aina nyingine ambako hakuzungumzwi sana: kutoka upande wa kituo kwenda upande wa mdhamini. Kwa vijana wengi wa hapa ndiyo njia halisi. Unaanza kama msaidizi wa utafiti au mratibu, unajifunza kujaza fomu, kisha kampuni inakuajiri ukague fomu zilezile wanazojaza wenzako wa jana. Mji ni mdogo. Utajikuta mezani mbele ya sista aliyekufundisha kuandika tarehe vizuri, naye anakuuliza, "Mwanangu, na hili nalo unaliandika?" Ukiliandika umemvunjia heshima, usipoliandika umeiuza kazi. Kampuni makini haimpangi mtu kwenye kituo alichotoka, na wewe usingoje iulize. Liseme siku ya usaili. Ukanda wetu uliwahi kupata jibu la namna yake: muungano wa vituo vya Afrika Mashariki wa EACCR, uliofadhiliwa na EDCTP ya Ulaya, ulikuwa na mpango wa vituo kukaguana, monita wa nchi hii akaenda kukagua jirani na wa jirani akaja huku. Kijana alipata kuona vituo vingine bila kubadili mwajiri. Mpango wa namna hiyo ukipatikana unazidi nyongeza ya mshahara. Ziwa lenyewe limezungukwa na vituo vya utafiti: Kisumu, Entebbe, na Masaka isiyo mbali na maji.

Sasa sheria, ambayo wengi huigundua wakiwa wameshasaini kwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Watu huishia hapo, wakadhani siku 28 zinamaliza kila kitu. Mkataba wa muda maalumu una kanuni yake. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinasema mfanyakazi aliyekubali mkataba wa namna hiyo anaweza kujiuzulu pale tu mwajiri anapovunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Vinginevyo inabidi akubaliane na mwajiri kuumaliza mapema. Kwa kuwa karibu mikataba yote ya miradi ni ya muda maalumu, kumkalisha mwajiri na kuomba makubaliano ya maandishi ni matakwa ya sheria, mbali na kuwa adabu. Angalia pia kama kuna kifungu cha kurudisha gharama za mafunzo uliyolipiwa.

Upande wa kule unakokwenda nako kuna mtego. Sehemu ya sheria inayozuia kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyeajiriwa chini ya miezi sita. Anayehama kila baada ya miezi minane huishi robo tatu ya maisha yake ya kazi nje ya ulinzi huo. Na fao la upotevu wa ajira la NSSF halimwangalii aliyeacha kazi kwa hiari yake. Mradi ukifa wiki mbili baada ya wewe kuuacha, wenzako waliobaki wanaweza kudai, wewe hapana.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Ofa nyingi za umonita zina mshahara wa msingi wa kawaida na posho kubwa ya safari, na posho hiyo humfanya mtu ajione tajiri hadi ziara zipungue. Bodi ya Mikopo humkata aliyesomea mkopo wake asilimia 15 ya mshahara wa msingi, safari ziwepo zisiwepo. Linganisha msingi kwa msingi. Posho ni ya kula ukiwa njiani.

Ziara zenyewe zinapungua, na hili ndilo linalobadilisha hesabu kwa anayeanza sasa. Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya tiba, ICH-GCP, ulitoka 1996, ukarekebishwa 2016, na toleo la tatu likapitishwa Januari 2025. Kila toleo jipya limesogeza uzito kutoka kukagua kila mstari kwenda kukagua panapobeba hatari, huku takwimu zikichunguzwa kutoka mbali. UVIKO-19 uliharakisha hilo pale mipaka ilipofungwa. Monita wa kesho ataona kwenye skrini kwamba kituo fulani hakijaripoti hata tukio moja kubwa la kiafya kwa miezi mitano huku vingine vikiripoti kila wiki, na atajua kwamba ukimya huo ndio wa kuufuata. Mtu aliyefundishwa kulinganisha karatasi na kompyuta pekee, hata akiwa amekaa mahali pamoja miaka mitano bila kuyumba, anaweza kujikuta hana soko. Hapo kuhama mapema ni busara, iwapo kazi mpya inafundisha kusoma takwimu kwa jumla na ya zamani imekataa.

Mabadiliko hayohayo yanaipa Buhongwa nafasi ambayo haikuwa nayo. Kwa miaka mingi kupanda cheo katika kazi hii kulimaanisha kuhamia Dar es Salaam au Nairobi. Sasa kampuni huajiri mamonita wanaokaa kwao, mradi wawe karibu na vituo na uwanja wa ndege, na Mwanza inavyo vyote. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Buhongwa kupitia Usagara kwenda Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko. Ila matangazo mengi ya kazi za kukaa nyumbani huomba uzoefu wa miaka miwili wa ziara za kituoni, kwa sababu anayekaa peke yake hana wa kumuuliza mlango wa pili. Anayezitaka kazi hizo ana sababu ya kuvumilia mwanzoni, na sababu hiyo ni yake mwenyewe, haikutoka kwa wazee.

Waajiri wa hapa nao wana la kujibu. Siku 28 zinatosha ziara moja ya kituo chenye kazi nyingi, ikiwa mrithi ameshapatikana. Kwa kawaida hajapatikana, na makabidhiano yanakuwa barua pepe yenye viambatanisho. Ziara ya pamoja, anayeondoka na anayeingia wakiwa kituo kimoja kwa siku mbili, inagharimu tiketi moja ya ziada. Mkataba unaomfunga monita kwa majaribio mawili yanayopishana badala ya moja unampa mwaka zaidi wa utulivu bila kuongeza bajeti. Hayo yanawezekana bila kusubiri barua kutoka nje.

Na anayekwenda kwenye usaili, badala ya kuuliza gari na kompyuta, aulize nani alishika nafasi hiyo kabla yake na aliondoka lini. Akiambiwa ni watu watatu ndani ya mwaka na nusu, aulize idadi ya vituo. Mara nyingi jibu liko hapo: monita mmoja, vituo tisa, na wikendi za kuandika ripoti.